Nozeli Isitolewe Kabla ya Kupimwa: Wito kwa Wenye Magari wa Njombe na Makambako



Nina ombi moja, na nalitaja mapema ili asiye na nafasi ya kusoma hadi mwisho aondoke nalo. Mtu yeyote asikubali nozeli za gari lake zitolewe, zisafishwe wala zibadilishwe kabla hazijapimwa, na upimaji wa awali aufanye mwenyewe nyumbani kwake. Sisemi wote tugeuke mafundi. Nasema mwenye gari aende gereji akiwa na maelezo yanayoeleweka: silinda ipi haifanyi kazi, tatizo linajitokeza injini ikiwa ya baridi au ya moto, mafuta ya mwisho aliyaweka wapi na lini. Fundi akipewa maelezo hayo huanzia karibu na ugonjwa. Asipopewa, hubahatisha, na hubahatisha kwa fedha yako.

Mkoa wetu unaishi kwa magurudumu. Viazi, mbao, maparachichi, chai ya Lupembe na Luponde, vyote hushuka kwa Canter na Fuso hadi Makambako, pale barabara ya Songea inapokutana na barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Zambia, jirani na stesheni ya TAZARA. Mwalimu anakwenda kazini kwa Noah ya abiria, mgonjwa anapelekwa hospitali ya Ilembula kwa Probox ya jirani. Na mafuta kwetu ni ghali kuliko Dar es Salaam; tazama orodha ya bei kikomo ambayo EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, huitoa kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, wilaya kwa wilaya, utaona tunavyolipia umbali. Nozeli inayovuja ni hela inayotoka kwa ekzosi kila siku, mwenye gari akidhani bei ya mafuta imepanda tena.

Kuna kisa kinachojirudia sana katika gereji zetu. Toyota IST inatetemeka ikiwa sailensi na inakunywa mafuta kupita kawaida. Anayeiangalia anasikiliza kidogo, anatikisa kichwa, anasema, "Nozeli hizo." Zinaagizwa nne za mtumba Dar es Salaam, zinakuja na basi, zinafungwa. Gari linatetemeka vilevile. Ndipo mtu anakumbuka kuangalia koili, na koili moja ndiyo iliyokufa. Nozeli za mwanzo zimeshapotelea kwenye ndoo ya vyuma chakavu, na zilizofungwa hakuna anayejua zimetembea kilomita ngapi. Simwiti fundi wa namna hiyo mwizi. Wengi walijifunza kazi enzi za kabureta, wakiwa na sikio zuri kuliko kifaa chochote, na sisi wateja tumewazoesha kwamba anayetaja kifaa cha kubadilisha ndiye bingwa, anayesema "ngoja nipime kwanza" anapoteza muda wetu.

Kabla hata ya kufungua boneti, tuulizane kama gari linaumwa kweli au liko Njombe tu. Mji wetu uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya pwani kwa karibu sehemu moja ya tano, na injini isiyo na tabo hupoteza nguvu kwa kiasi kinachokaribiana na hicho. Gari lililotoka Dar es Salaam likapanda mlima Kitonga na kuendelea hadi kwetu litakuwa zito kwenye vilima, hata likiwa na nozeli mpya kabisa. Mgeni wako akilalamika, mpe chai kwanza.

Baridi nayo ina mambo yake. Asubuhi za Juni na Julai ekzosi hutoa moshi mweupe mwepesi, na wapo wanaokimbilia gereji kwa ajili yake. Lita moja ya petroli ikiungua hutoa takribani lita moja ya maji, nayo kwenye baridi yetu huonekana kama mvuke. Ukitoweka injini ikipata joto, hakuna ugonjwa. Vilevile injini ikiwashwa alfajiri itanguruma juu kwa dakika kadhaa ndipo ishuke. Kompyuta ya gari imeagiza hivyo. Moshi wa kutiliwa shaka ni mweusi, maana mafuta yanaingia mengi kuliko hewa, au mweupe usiokoma wenye harufu tamu, ambao mara nyingi ni maji ya rejeta yanayoingia kwenye silinda. Wa bluu ni oili. Katika hiyo mitatu, ni mweusi peke yake unaoweza kuanza kutushawishi kuhusu nozeli za petroli, na hata huo una washukiwa wengine: chujio la hewa lililojaa vumbi jekundu la barabara za vijijini, au sensa ya hewa iliyochafuka.

Sasa nozeli yenyewe. Ni vali ndogo inayofunguliwa kwa umeme na kunyunyiza mafuta kupitia vitundu vyenye upana wa sehemu ya milimita. Kwenye gari la petroli kama IST, injini ikiwa sailensi kwenye mizunguko 700 kwa dakika, kila nozeli hufunguka na kufunga karibu mara sita kwa sekunde, na kila inapofunguka hukaa wazi kwa milisekunde chache tu. Inaweza kuumwa kwa namna tatu kubwa: isifunguke kwa sababu ya umeme au kukwama, ifunguke lakini itoe mafuta kidogo au kwa mchirizi badala ya mnyunyizo kwa sababu ya uchafu, au isifunge vizuri, ivuje. Kila namna ina dalili zake, na zote zinaweza kuanza kutafutwa uani kwako.

Hebu tufanye pamoja, kwa gari la petroli lenye nozeli za kawaida. Lenye D4, yaani nozeli zinazomwaga mafuta moja kwa moja ndani ya silinda kama baadhi ya Noah na Premio, liachwe. Mafuta yake yana shinikizo kubwa na nozeli zake hazifikiki kirahisi. Egesha nje, mahali tambarare, breki ya mkono imefungwa, gia iko P. Jiko la mkaa linalotupasha joto jioni libaki ndani, mbali kabisa. Mtungi wa kuzimia moto, ule tunaoubeba kwa kumwogopa trafiki, utolewe na uwekwe karibu. Ukisikia harufu kali ya petroli au ukiona unyevu wowote kwenye reli ya mafuta, usiwashe gari. Kazi yako imeishia hapo, mwite fundi aje.

Kama pako salama, washa injini ipate joto, kisha itafute reli ya mafuta. Ni bomba lililolala juu ya nozeli nne, na kila nozeli ina soketi yake yenye nyaya mbili. Kwenye baadhi ya magari zimejificha chini ya mabomba ya hewa; kama mkono haufiki, usilazimishe. Bana kikufuli cha soketi ya kwanza, polepole, maana plastiki ya gari la miaka 20 huvunjika kama biskuti, uichomoe. Sikiliza sekunde zile za mwanzo, kabla kompyuta haijaanza kufidia. Injini ikiyumba na mngurumo ukishuka, silinda hiyo ilikuwa inafanya kazi. Rudisha soketi, subiri itulie, nenda ya pili. Ukifika kwenye ile ambayo ukiichomoa hakuna kinachobadilika, injini inaendelea kutetemeka vilevile kana kwamba hukugusa kitu, umeipata silinda iliyolala. Iandike. Taa ya cheki injini itawaka kwa sababu ya kuchomoa huko, usishtuke, itafutwa baadaye.

Wapo wanaofanya jaribio hili kwa kuchomoa koili badala ya nozeli, nami naomba tuache. Koili ikichomolewa petroli inaendelea kumwagwa ndani ya silinda bila cheche, inatoka mbichi na kwenda kuungulia kwenye masega ya kusafishia moshi ndani ya ekzosi, ambayo huweza kuharibika kwa joto. (Kama bado unayo. Wengi wetu tulishayauza.) Kwa sababu hiyohiyo, taa ya cheki injini ikiwa inawaka na kuzima mfululizo ukiwa barabarani, punguza mwendo, tafuta pa kusimama. Usisukume gari hadi Songea kwa matumaini.

Silinda iliyolala bado haijasema ni nozeli. Zima injini, hamisha koili yake uiweke kwenye silinda ya jirani, na ya jirani uilete hapo. Rudia jaribio. Ugonjwa ukihama na koili, umeshapata jibu na hujatumia hata shilingi. Usipohama, fanya hivyo kwa plagi, injini ikiwa imepoa. Plagi ikitoka, iangalie kwa makini: iliyolowa petroli na kunuka inasema mafuta yanafika ila hayaungui, au nozeli inavuja, iliyokauka na kuwa nyeupe kupita wenzake inasema mafuta hayafiki ya kutosha. Ukishahamisha vyote viwili na silinda ileile bado imelala, hapo ndipo nozeli inaitwa kwenye kiti cha mshtakiwa.

Chukua bisibisi ndefu, ncha yake iguse mwili wa nozeli, mpini uweke sikioni, injini ikiwaka. Angalia nywele, skafu na mikono ya sweta visije vikavutwa na feni au mkanda. Nozeli nzima hugonga tik-tik-tik kwa haraka na kwa usawa. Linganisha zote nne. Moja iliyo kimya au yenye sauti nzito inajitenga yenyewe. Kisha zima injini, iache ipoe, upime ukinzani kwa mita ya umeme kwenye vipini viwili vya nozeli. Kwa nozeli nyingi za Toyota za aina hii utapata kati ya omu 12 na 16. Linalotakiwa hasa ni kwamba zifanane: ukiona tatu zinasoma 14 na ya nne inasoma sifuri au haisomi kabisa, waya wa ndani umekufa, na hakuna dawa ya kumimina kwenye tenki itakayoufufua. Zikifanana zote na moja haigongi, pima kama umeme unafika kwenye soketi yake, swichi ikiwa imewashwa: waya mmoja unapaswa kuonyesha volti zinazolingana na za betri. Usipoonyesha, nozeli haina hatia, tafuta fyuzi au waya uliotafunwa na panya. Panya wa majira ya baridi hupenda sana injini yenye joto.

Nozeli inayovuja ina tabia yake ya pekee. Gari linawaka vizuri mchana, lakini likilala usiku kucha asubuhi linasumbua, selfu inazunguka muda mrefu, kisha linashika kwa kishindo na moshi mweusi. Chomoa kijiti cha kupimia oili, unuse. Oili yenye harufu ya petroli, au iliyopanda juu ya alama bila kuongezwa, ni habari mbaya. Petroli inashuka kwenye oili, na oili iliyochujuka haiwezi kulinda injini. Hapo usisubiri mwisho wa mwezi.

Kuhusu kupima kwa kompyuta, tusikiabudu kifaa. Kikileta namba P0302, kimesema silinda ya pili inamisi, basi. Hakijataja nozeli. P0202 ndiyo inayozungumzia umeme wa nozeli ya pili. P0171 inasema injini ina hewa nyingi kuliko mafuta, jambo linaloweza kuletwa na bomba la hewa lililopasuka, pampu iliyochoka au chujio la mafuta lililoziba, ambalo kwenye Toyota nyingi za kizazi cha IST limo ndani ya tenki pamoja na pampu. Fundi akikwambia "kompyuta imesema nozeli," mwombe kwa upole akuonyeshe namba. Na ujue kwamba baadhi ya magari yaliyotengenezwa kwa soko la Japani miaka ya mwanzo ya 2000 hayasomani na vifaa vya bei nafuu vya ELM327. Kifaa kikikataa kuunganika, haina maana gari ni zima wala kwamba umeuziwa kibovu.

Wenye dizeli wamesubiri kwa subira, na kwao nina sauti nyingine. Land Cruiser yenye injini ya 1HZ na Canter za zamani zina pampu na nozeli za kimakanika, na mafundi wetu wazee wanajua kulegeza nati ya bomba moja moja injini ikiwaka ili kutafuta silinda iliyolala. Huo ni ufundi wa kweli, kwenye injini hizo. Lakini Hilux, Prado na Hiace zenye injini kama 1KD hutumia reli ya pamoja, ambamo dizeli hukaa kwenye shinikizo la zaidi ya bar 1,000. Tairi lako lina bar mbili na kitu. Nati ya reli hiyo isilegezwe injini ikiwaka, na mkono usipitishwe juu ya bomba kutafuta pa kuvuja. Mchirizi wake hautaonekana, lakini utapenya ngozi, hata glovu. Alama yake ni tundu dogo la kama sindano lisilouma sana mwanzoni, na hapo ndipo watu hudanganyika wakaenda kulala. Dizeli iliyoingia ndani ya nyama inaua tishu kimyakimya, na mtu anaweza kupoteza kidole au mkono. Likitokea, nenda Hospitali ya Rufaa ya Mkoa au hospitali yoyote iliyo karibu saa ileile, na sema wazi kwamba umepigwa na dizeli ya shinikizo, maana kidonda hakitaonekana cha haraka.

Kwa dizeli za namna hiyo, kazi ya nyumbani ni macho, masikio na daftari. Injini inagonga kama nyundo ikiwa ya baridi? Moshi ni mweupe unaochoma macho, au mweusi ukipanda kilima? Chujio la mafuta lina maji? Magari mengi ya dizeli yana kizibo chini ya chujio cha kutolea maji. Wengi hatujawahi kukigusa. Kama nozeli lazima zibadilishwe, muulize fundi swali hili moja: namba za nozeli mpya ataziingiza kwenye kompyuta ya gari? Kila nozeli ya 1KD huja na namba zake za kuirekebisha. Anayefunga bila kuziingiza hajamaliza kazi.

Nimefika kwenye mafuta, na hapa ombi langu linatoka uani kwa mtu mmoja na kuwa la mji mzima. Hakuna Mtanzania mwenye umri wa kuendesha gari asiyelijua neno uchakachuaji. Mafuta ya taa, yaliyokuwa na kodi ndogo, yalichanganywa na dizeli na petroli hadi EWURA ikaanza kuweka vinasaba kwenye mafuta Septemba 2010, na bajeti ya mwaka 2011 ikapandisha ushuru wa mafuta ya taa ili kuondoa faida ya mchezo huo. Hali ilibadilika sana. Lakini sisi tuko kwenye njia ya malori ya mafuta yaendayo Zambia na Kongo, na dumu la bei ya kutupa kando ya barabara lina ushawishi. Dizeli ndiyo inayolainisha pampu na nozeli zake. Ikichanganywa na mafuta ya taa ulainishaji unapungua, vyuma vinasagana. Kwenye petroli, mafuta ya taa hayaungui ipasavyo, injini inagonga na masizi yanaganda.

Kipimo chepesi cha petroli ni karatasi nyeupe. Tone moja, juu ya karatasi, mahali penye hewa na mbali na moto. Petroli safi hukauka bila kuacha alama ya maana. Iliyochanganywa huacha doa la mafuta. Si ushahidi wa mahakamani, ila unatosha kukuamsha. Maji hutafutwa kwa chupa ya kioo: mafuta yakitulia humo, maji hukaa chini na mstari unaonekana. Sampuli aitoe fundi kwenye bomba la mafuta kwa utaratibu wake. Kunyonya kwa mdomo na mpira kuachwe kabisa. Petroli ikiingia mapafuni huweza kuua. Tukumbuke pia Msamvu, Morogoro, tarehe 10 Agosti 2019, lori lilipopinduka na watu wakaenda kukinga mafuta. Zaidi ya 100 walipoteza maisha. Malori ya namna ileile yanapita Makambako usiku na mchana. Likianguka moja, tusogee nyuma, tuwatoe watoto, tupige 114 ya Zimamoto.

Kwenye kituo, dai risiti kila unapojaza, hata ya lita tano, uitunze hadi tenki linalofuata. Gari likianza kumisi saa chache baada ya kujaza, na la jirani aliyejaza hapohapo likifanya hivyo, risiti mbili zenye tarehe moja zina uzito kwa EWURA kuliko manung'uniko ya watu 20 kijiweni. Nanyi wenye vituo, wengi wenu mnauza mafuta safi na mnaumizwa na uvumi. Mnayo ile dawa ya kupaka kwenye kijiti inayobadilika rangi ikigusa maji chini ya tenki. Mteja akiomba kuona, mwonyesheni. Ni dakika chache, na atarudi na wenzake.

Mafundi wetu, nawaomba mambo machache. Mrudishieni mteja kifaa cha zamani, hata kama hakitaki. Nozeli zikitolewa, oringi zake za mpira zibadilishwe. Oringi iliyorudishwa ikiwa imekakamaa ndiyo huvujisha petroli juu ya injini ya moto. Msisafishe nozeli kwa kuiunganisha moja kwa moja na betri huku mkipuliza dawa inayolipuka. Cheche moja inatosha. Kwenye mashine yenye mirija ya kioo mteja anaweza kuona kwa macho yake kiasi ambacho kila nozeli imetoa, kabla na baada ya kusafishwa. Kama mashine hiyo haipo gereji kwako, si aibu kumtuma kwa mwenzako aliye nayo, na alipie kazi yako ya kupima. Nasi wateja tujifunze kulipia upimaji. Fundi aliyetumia saa nzima kugundua kwamba tatizo ni waya wa shilingi kidogo amekuokolea nozeli nne, kisha tunamwambia, "Si umefunga waya tu?" Tukiendelea hivyo, atarudi kwenye kubahatisha, na nani atamlaumu.

Wale wanaouliza kuhusu chupa za dawa ya kusafisha nozeli: kwa uchafu mwepesi wa gari ambalo bado linatembea vizuri, zinaweza kusaidia kidogo, mkifuata kipimo kilichoandikwa. Kwa silinda iliyokufa ni maji ya baraka.

Kuna jambo tunaloweza kulifanya kwa pamoja bila kusubiri mradi wa mtu. Mita ya umeme na kifaa cha kusomea namba, vyote viwili, havifiki bei ya tenki moja la IST. Madereva wa kituo kimoja cha Noah, iwe stendi ya Makambako au Njombe mjini, wanaweza kuchanga na kuwa navyo, vikakaa kwa katibu pamoja na daftari la kuazimia. Vikoba vya akina mama wenye Probox na Canter za sokoni vinaweza vilevile. Naambiwa mara kwa mara kwamba mwanamke akifika gereji peke yake bei huongezeka na maelezo hupungua, na dawa ya hilo ni kufika na silinda imeandikwa kwenye karatasi. Walimu wa ufundi wa VETA Makete na vyuo vingine vya mkoani, mkitenga Jumamosi moja kila muhula mkawaleta wanafunzi mjini wapime magari ya wananchi hadharani, wanafunzi watapata magonjwa ya kweli ya kujifunzia na wananchi watajua wapi pa kuanzia. Wachungaji, mapadri na maimamu, tangazo lake halitachukua nafasi kubwa baada ya ibada, na uwanja wa kuegesha mnao.

Msimu wa kushusha viazi haungoji mtu, kwa hiyo tuanze na tulicho nacho. Jumamosi hii, jua likishapanda na ukungu ukiondoka, fungua boneti, chomoa soketi moja moja, sikiliza. Ukikuta silinda ya tatu haijibu, andika tarehe, andika namba ya silinda, andika ulikojaza mafuta mara ya mwisho, na karatasi hiyo umpe fundi kabla hajafungua boksi lake la spana.